Mchezaji Aliyefungwa kwa Kosa Kubwa Arudi Uwanjani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila klabu inapomsajili mchezaji aliyetoka gerezani, ubishi huanza upya kana kwamba haujawahi kutokea. Huyu anasema mtu akimaliza kifungo aachwe afanye kazi yake. Yule anamuuliza kama angesema hivyo iwapo aliyeumizwa ni dada yake. Baada ya siku tatu mechi inachezwa, bao linafungwa, na mjadala unakufa bila mtu kujibiwa. Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia na kuyajibu ninavyoyaona mimi. Msimamo ninao, na sitauficha.

"Kosa kubwa" ni lipi hasa?

Kiswahili chenyewe kinatutega hapa. Neno "kosa" linabeba penalti iliyopaa juu ya mwamba, na neno hilohilo linabeba ubakaji. Ndiyo maana methali ya "kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa" hutolewa upesi sana mchezaji anapotetewa. Methali hiyo inamhusu mtu aliyeteleza. Mtu aliyembaka mtoto hakuteleza.

Katika maswali haya nazungumzia jinai nzito: kuua, kubaka, kunajisi watoto, kupiga na kujeruhi vibaya, uporaji wa kutumia silaha, kuua mtu kwa kuendesha gari ukiwa mlevi, na ukatili uliokithiri kwa wanyama. Upangaji wa matokeo nitaugusa pia, kwa sababu unatufundisha jambo. Nazungumzia waliotiwa hatiani mahakamani. Wanaotuhumiwa tu wana swali lao huko chini.

Kuna sheria inayomkataza aliyefungwa kucheza tena?

Kwa sehemu kubwa, hakuna. Watu wengi hushangaa wakiambiwa hivyo. Mwalimu, muuguzi au mlinzi mwenye hukumu ya aina hiyo huchunguzwa kabla ya kuajiriwa, na mara nyingi mlango hufungwa hapohapo. Mchezaji huulizwa goti lake likoje.

Chukua soka ya Uingereza. Mtu akitaka kumiliki klabu au kuwa mkurugenzi wake hupimwa kwa kanuni maalumu, na baadhi ya hukumu za jinai zinamwondoa moja kwa moja. Kanuni kama hiyo kwa wachezaji haipo. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kukosa sifa ya kukaa kwenye bodi ya klabu, lakini akawa na sifa ya kuvaa jezi yake mbele ya maelfu ya watu.

Ajabu nyingine iko kwenye dawa zilizopigwa marufuku. Tangu mwaka 2015, kanuni za shirika la kimataifa la kupambana na dawa hizo, WADA, zinampa mchezaji aliyetumia kwa makusudi kifungo cha kawaida cha miaka minne nje ya michezo yote. Aliyemvunja mkewe taya anaweza asifungiwe na shirikisho lake hata siku moja. Sisemi dawa ni jambo dogo. Nasema michezo imejifunza kulinda matokeo yake kuliko inavyolinda watu.

Yapo maeneo yaliyoanza kubadilika. NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, iliweka mwaka 2014 adhabu ya kuanzia mechi sita bila malipo kwa ukatili wa nyumbani na ukatili wa kingono, na besiboli ya Marekani ikapata sera yake Agosti 2015. Masumbwi yana leseni, na tume inaweza kuinyima. Halafu kuna mipaka ya nchi. Bondia Mike Tyson alifutiwa viza ya New Zealand mwaka 2012, miaka ishirini baada ya hukumu yake ya ubakaji, ingawa wakati huo hakwenda kupigana bali kuzungumza jukwaani. Uingereza ilimruhusu kuingia Januari 2000 kupigana Manchester, na kelele zilikuwa kubwa, kwa sababu mtu wa kawaida mwenye kifungo kama chake angerudishwa uwanja wa ndege.

Ameshamaliza kifungo. Kwa nini aadhibiwe mara mbili?

Hili ndilo swali lenye nguvu kuliko yote, na anayelipuuza hajafikiri. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, kifungu cha 10, unasema lengo la msingi la magereza liwe kumrekebisha mfungwa na kumrudisha katika jamii. Azimio la Haki za Binadamu la 1948 linampa kila mtu haki ya kufanya kazi. Mtu akinyimwa kazi kila anapobisha hodi, tunamsukuma arudi kulekule alikotoka. Nakubaliana na hayo yote bila kusitasita.

Ila haki ya kufanya kazi si haki ya kupewa kazi fulani. Daktari aliyemnajisi mgonjwa anaweza kufanya kazi baada ya kifungo; kazi hiyo haitakuwa udaktari. Hatusemi ameadhibiwa mara mbili. Tunasema kazi ile ilisimama juu ya imani, na imani hiyo aliivunja mwenyewe.

Je, mchezo ni kazi ya imani kama udaktari? Hapo ndipo watu wa nia njema hutofautiana. Anayesema hapana ana hoja: mshambuliaji hamgusi mgonjwa wala halindi mtoto wa mtu, anakimbia na mpira tu. Lakini mshahara wa mchezaji wa kulipwa hautoki kwenye kukimbia. Unatoka kwenye kutazamwa na kupendwa. Jina lake huuzwa mgongoni mwa jezi, uso wake hubandikwa ukutani, watoto hupelekwa kumshika mkono kabla ya mechi. Klabu ikimrudisha humrudishia vyote hivyo kwa pamoja, na hapo ndipo neno "kazi" linapoficha mambo.

Kwa hiyo naitenganisha mizigo miwili. Kucheza na kulipwa ni mzigo mmoja. Kutukuzwa ni wa pili. Wa kwanza nikiuona unastahili kurudishwa, wa pili bado naweza kuukataa.

Basi jibu lako ni nini? Arudi au asirudi?

Wengi warudi, kwa masharti, na wachache wasirudi kabisa. Ila kinachonikera zaidi ni namna uamuzi unavyofanyika leo. Leo kinachoamua ni kipaji. Kipa wa tatu akifungwa kwa kumpiga mtu, mkataba wake unavunjwa asubuhi na hakuna anayemsikia tena. Nyota akifungwa kwa jambo zito mara tatu ya hilo, klabu inaanza kuzungumza juu ya nafasi ya pili, msamaha na familia.

Angalia Tyson. Alitiwa hatiani kwa ubakaji Indianapolis Februari 1992, akapewa kifungo cha miaka sita, akatoka Machi 1995. Agosti mwaka huohuo alikuwa ulingoni Las Vegas dhidi ya Peter McNeeley, pambano lililodumu sekunde 89, na Machi 1996 alikuwa bingwa wa dunia wa WBC tena baada ya kumpiga Frank Bruno. Tume ya Nevada ilikuja kumnyang'anya leseni mwaka 1997 alipomng'ata Evander Holyfield sikio. Sikio la bondia mwenzake, ndani ya ulingo, mbele ya kamera, lilimgharimu leseni. Ubakaji haukuwa umemgharimu. Kila nikikumbuka hilo napata jibu la nani hasa michezo inajiona ina wajibu kwake.

Kipimo changu ni rahisi kukitaja: je, klabu ingempa nafasi hii mtunza nyasi wake angefanya jambo lilelile? Ikiwa ndiyo, basi ina imani ya kweli kwamba watu hubadilika, nami nitaiheshimu. Ikiwa hapana, inanunua mabao.

Mwathiriwa ana nafasi gani katika uamuzi huu?

Kwa sasa, hana. Klabu huzungumza na wakala, mwanasheria, kocha, mdhamini, wakati mwingine hata na viongozi wa mashabiki. Aliyeumizwa husoma habari kwenye simu kama mtu mwingine yeyote.

Jaribu kuwaza maisha yake. Mhalifu wa kawaida akitoka gerezani, mwathiriwa anaweza kuhama mtaa na asimwone tena. Huyu atamwona kwenye televisheni ya duka, kwenye gazeti la jirani, kwenye jezi ya mtoto wa shangazi yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Huyu haoneshwi ung'ong'o, anaoneshwa nyoka mwenyewe akipigiwa makofi. Wakija mashabiki wanaoamini kwamba yeye ndiye aliyewaharibia timu, jina lake hutafutwa na kutupwa mtandaoni. Katika kesi ya ubakaji ya mwanasoka Ched Evans nchini Uingereza, ambaye baadaye mahakama ilimwona hana hatia, watu tisa waliadhibiwa na mahakama mwaka 2012 kwa kumtaja mlalamikaji, ambaye sheria ilikuwa inamlinda.

Sitaki mwathiriwa apewe kura ya turufu. Huo ungekuwa mzigo mwingine juu ya mtu aliyekwishaelemewa, na mashabiki wangejua ni nani wa kumlaumu. Ninachodai ni kidogo mno hadi inaumiza kwamba hakifanyiki: aambiwe kabla ya kutangazwa, kupitia mtu anayemwamini, aulizwe ana hofu gani, na hofu hizo ziandikwe ndani ya masharti ya mkataba. Kama anaishi katika mji huo na klabu ipo mji huo, basi klabu hiyo si mahali pa mchezaji huyo. Zipo nyingine.

Makosa yote ya jinai yapimwe sawa?

Hapana, na watu wanaoyachanganya hufanya mjadala usiwezekane.

Wapo walioua bila kukusudia kwa uzembe mkubwa barabarani. Lee Hughes, aliyekuwa West Bromwich Albion, alisababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari mwaka 2003, akakimbia eneo la ajali, akapewa miaka sita na kutoka mwaka 2007 akiwa amesajiliwa na Oldham Athletic. Kipa Luke McCormick aliua watoto wawili wa familia moja mwaka 2008 akiwa amelewa, akahukumiwa miaka saba na miezi minne, na mwaka 2013 alirudi Plymouth Argyle, klabu ileile aliyokuwa akiichezea. Craig MacTavish wa hoki ya barafu alimuua mwanamke kwa gari akiwa mlevi mwaka 1984, akakaa gerezani mwaka mmoja, akaenda Edmonton Oilers na kushinda Kombe la Stanley mara tatu akiwa nao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekusudia kuua. Familia zilizozika watu wao hazipati nafuu kwa kujua hivyo. Hata hivyo naona hawa wanaweza kurudi, kwa sababu hatari waliyoileta haikutokana na nguvu, umaarufu wala pesa walizopewa na mchezo, na inaweza kudhibitiwa: asiguse pombe, asiguse usukani.

Wapo waliotumia umaarufu wenyewe kama chambo. Msichana alimfuata kwa sababu ni nyota, mlango wa hoteli ulifunguliwa kwa sababu ni nyota, watu wakanyamaza kwa sababu ni nyota. Kumrudishia umaarufu huo ni kumrudishia mwizi funguo alizoibia. Hapa nasema asirudi kwenye jukwaa kubwa. Na aliyemfanyia mtoto unyama wa kingono asirudi kabisa mahali watoto wanapoletwa kumshangilia.

Kisha kuna jinai dhidi ya mchezo wenyewe. Mtelezaji wa barafu Tonya Harding hakufungwa gerezani hata siku moja. Mwaka 1994 alikiri kuzuia upelelezi wa shambulio dhidi ya mpinzani wake Nancy Kerrigan, akapewa miaka mitatu ya uangalizi na faini ya dola 100,000, na shirikisho la Marekani la kuteleza kwenye barafu likamfungia maisha. Weka hilo kando ya Tyson, kisha uniambie uzito wa adhabu za michezo hupimwa kwa mizani gani.

Hukumu ikija kufutwa je?

Hili linanisumbua kuliko mengine. Ched Evans alitiwa hatiani kwa ubakaji Aprili 2012 na kupewa miaka mitano. Alipotoka Oktoba 2014, Sheffield United ilimkubalia afanye mazoezi. Watu zaidi ya 150,000 wakasaini kupinga, mwanariadha Jessica Ennis-Hill akataka jina lake liondolewe kwenye jukwaa la uwanja iwapo angesajiliwa, na klabu ikarudi nyuma. Januari 2015 Oldham nayo ilikaribia kumchukua ikaacha. Aprili 2016 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu, na kesi iliposikilizwa upya Oktoba akaonekana hana hatia.

Je, waliompinga mwaka 2014 walikosea? Nadhani hapana. Walisimama juu ya hukumu iliyokuwepo, na hakuna jamii inayoweza kuishi kwa kusubiri hukumu ambazo huenda zikaja. Lakini miaka ile haikurudi, na mtu aliyesafishwa na mahakama anastahili kutajwa hivyo kila anapotajwa. Funzo ninalolibeba ni kwamba kifungo cha maisha cha shirikisho lazima kiwe na mlango wa kupitiwa upya. Asiyeacha mlango huo anajidai hawezi kukosea.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni klabu zinazotumia rufaa kama kichaka. Mwanasoka Robinho wa Brazil alihukumiwa Italia mwaka 2017 miaka tisa kwa ubakaji wa genge uliotokea Milan mwaka 2013. Klabu ya Santos ya kwao ilimsajili Oktoba 2020 ikijua, kwa hoja kwamba rufaa bado ipo. Wadhamini walipotishia kuondoka, mkataba ukasimamishwa ndani ya wiki moja. Mahakama ya juu ya Italia ilithibitisha hukumu Januari 2022, na Machi 2024 akaanza kutumikia kifungo hicho nchini Brazil. Brazil hiyohiyo, klabu ya Boa Esporte ilimsajili kipa Bruno Fernandes de Souza mwaka 2017 alipoachiwa kusubiri rufaa. Huyu alikuwa ameshahukumiwa zaidi ya miaka 22 kwa kuhusika na mauaji ya Eliza Samudio, mama wa mtoto wake, ambaye mwili wake haujapatikana. Wadhamini walikimbia, kipa akacheza mechi chache, na Aprili Mahakama ya Juu ya nchi ikamrudisha gerezani. Rufaa ni haki ya mshtakiwa. Kwa klabu haikuwa lazima, kwani ingeweza kusubiri.

Na hukumu ambayo ni dhuluma yenyewe?

Ipo. Muhammad Ali alitiwa hatiani mwaka 1967 kwa kukataa kwenda jeshini, akapewa miaka mitano, akanyang'anywa leseni na mkanda. Alikuwa na umri wa miaka 25, na hakupigana tena hadi Oktoba 1970. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu kwa kura nane bila anayepinga. Brittney Griner wa mpira wa kikapu alipewa miaka tisa na mahakama ya Urusi Agosti 2022 kwa mafuta kidogo ya bangi, akabadilishwa na mfungwa mwingine Desemba, na Mei 2023 alikuwa uwanjani na Phoenix Mercury. Ndiyo maana kanuni isiandikwe "yeyote mwenye hukumu". Iandikwe kwa kutaja tendo lenyewe: kulikuwa na mtu aliyeumizwa au hakukuwa naye?

Hakuna waliorudi na kweli wakabadilika?

Wapo, na kuwaficha ili hoja yangu ing'ae ingekuwa uongo.

Michael Vick, aliyekuwa nyota wa Atlanta Falcons, alikiri mwaka 2007 kuhusika na mtandao wa kupambanisha mbwa na akahukumiwa miezi 23. Mbwa waliteswa na kuuawa, na maelezo ya mahakamani hayasomeki mara mbili. Mahakama ilimtaka alipe karibu dola milioni moja za kuwatunza mbwa waliookolewa. Aliporuhusiwa kurudi NFL mwaka 2009, ilikuwa kwa masharti na chini ya uangalizi wa kocha mstaafu Tony Dungy. Alianzia benchi Philadelphia Eagles, akaenda mashuleni kuzungumza dhidi ya mchezo ule pamoja na shirika la kutetea wanyama lililokuwa limempinga vikali, na kwa miaka mingi mshahara wake ulikwenda kwa wadai. Mwaka 2010 alipewa tuzo ya mchezaji aliyerejea vizuri kuliko wote. Kuna watu hadi leo hawawezi kumtazama, nami siwalaumu. Lakini ukiuliza kurudi kwa heshima kunafananaje, ningeonesha hapo kabla ya kwingine.

Bernard Hopkins aliingia gereza la Graterford akiwa kijana, kwa uporaji, na akakaa karibu miaka mitano. Alitoka mwaka 1988 akiwa amejifunza masumbwi kwa dhati humohumo, akafuata masharti yote ya kuachiwa kwake, na mwaka 2011 akiwa na miaka 46 akawa bingwa mkubwa wa dunia mwenye umri mkubwa kuliko wote waliomtangulia. Tofauti yake na wengine inafaa kutazamwa: hakurudi kwenye utukufu aliokuwa nao. Aliujenga kuanzia sifuri, akijulikana tangu mwanzo kuwa mfungwa wa zamani.

Anasema amelijutia kosa lake. Tutajuaje?

Machozi mbele ya kamera hayanisaidii. Nasikiliza analiita nini lile tendo. Anayesema "yaliyotokea" au "kipindi kigumu nilichopitia" bado anajizungumzia mwenyewe. Natazama pia alichofanya kabla ya klabu kumpigia simu, kwa sababu toba inayoanza wiki ya usajili imeandikwa na wakala.

Hata hivyo, kukiri kusiwe sharti la lazima. Asiye na hatia naye hukana, na kesi ya Evans imetuonesha. Tunachoweza kudai kwa kila mtu ni mwenendo: asimshambulie mlalamikaji hadharani, awakemee mashabiki wanaomshambulia, amalize tiba na mafunzo aliyopangiwa, asivunje sharti hata moja la kuachiwa kwake.

Wachezaji wenzake wanaruhusiwa kumkataa?

Wana haki ya kusema. Mohammad Amir wa kriketi ya Pakistan alifungwa nchini Uingereza Novemba 2011 pamoja na nahodha wake Salman Butt kwa njama ya kurusha makusudi mipira haramu kwa malipo, aina ya upangaji wa matokeo, katika mechi ya uwanja wa Lord's mwaka 2010, Amir alipokuwa na miaka 18. Alifungiwa miaka mitano. Alipoitwa kambini Desemba 2015, Mohammad Hafeez na Azhar Ali walikataa kufanya mazoezi naye, kisha wakazungumza na uongozi na kurejea. Niliona ni jambo zuri, lile la kukataa na lile la kurejea. Mwaka 2017 huyohuyo Amir aliwatoa wapigaji watatu wa mwanzo wa India katika fainali ya Champions Trophy. Umri wake alipotenda, uzito wa aliyoyatenda na ukweli kwamba aliitumikia adhabu ya shirikisho vinanifanya nione kurudi kwake kulikuwa halali.

Timu ya taifa ni sawa na klabu?

Kwangu si sawa. Klabu ni mwajiri, na anayeipenda anaweza kuiacha. Taifa huwakilisha hata mwathiriwa.

Steven van de Velde, mchezaji wa voliboli ya ufukweni wa Uholanzi, alikiri mahakamani Uingereza kumbaka mtoto wa miaka 12 mwaka 2014, yeye akiwa na miaka 19. Alipewa miaka minne mwaka 2016, akahamishiwa kwao ambako sheria ililipa kosa jina jepesi zaidi, na kwa jumla akakaa ndani kama miezi 13. Mwaka 2017 alikuwa anacheza tena. Mwaka 2024 alipelekwa Paris kwenye Olimpiki, voliboli ya ufukweni. Wakuu wake walikubali asilale katika kijiji cha wanamichezo na asizungumze na waandishi. Alizomewa na watazamaji, hadi yeye na mwenzake walipotolewa na Wabrazili katika hatua ya 16 bora.

Masharti yale yalinieleza kila kitu. Ukilazimika kumficha mchezaji wako asionekane na wenzake wala asiulizwe swali, basi ndani ya nafsi yako unajua hakustahili kupelekwa. Anaweza kufanya kazi. Anaweza kucheza mchezo huo na marafiki zake maisha yake yote. Bendera si mali yake.

Mimi ni shabiki. Nifanye nini timu yangu ikimsajili?

Huna deni la kumshangilia mtu yeyote. Unaweza kuendelea kuipenda timu na kukaa kimya jina lake linapotajwa. Ukimya wa uwanja mzima husikika sana. Unaweza kuandika kwa klabu, kwa jina lako, bila matusi. Wadhamini husikiliza kuliko bodi, na Santos ni ushahidi. Usifanye mawili: usimtafute mchezaji au familia yake nyumbani, na usimtaje wala kumtafuta mwathiriwa, hata kwa nia ya kumtetea.

Ukiwa na mtoto anayeuliza kwa nini humpigii makofi, mwambie ukweli kwa kiasi cha umri wake. Watoto huelewa vizuri kwamba mtu anaweza kuwa hodari wa kitu na bado awe amemuumiza mwenzake.

Aliyetuhumiwa lakini hajahukumiwa?

Klabu inaweza kumweka pembeni kwa malipo hadi uchunguzi ukamilike. Hiyo si adhabu. Hukumu pia si ushahidi pekee uliopo duniani: Ray Rice wa Baltimore Ravens aliwekwa kwenye mpango wa marekebisho badala ya kushtakiwa hadi mwisho, lakini video ya lifti iliyotoka Septemba 2014 ilimwonesha wazi akimpiga mchumba wake hadi kuzimia. Hakucheza tena NFL. Kabla ya video hiyo kuonekana ligi ilikuwa imempa mechi mbili.

Akistaafu, anaweza kuwa kocha?

Hapa naongeza ukali, na watu wengi wanadhani nitalegeza. Mchezaji yuko chini ya macho ya watu. Kocha wa vijana hubaki nao chumba cha kubadilishia nguo, husafiri nao usiku, huamua nani apangwe na nani akae benchi, na kijana anayetaka kupangwa hatasema kitu. Kwa aliyehukumiwa kwa kumdhuru mtoto, au kwa ukatili wa kingono dhidi ya yeyote, nafasi hiyo isiwepo, hata zipite siku ngapi. Kwa aliyeua mtu barabarani miaka ishirini iliyopita na hajagusa pombe tangu siku ile, ningemkabidhi timu ya vijana, na ningemwomba siku moja awaeleze kwa nini haendeshi gari.